Mfupa Uliunga Wiki ya Sita

Siku niliyofunguliwa hogo, daktari aliinua picha ya eksirei akaielekeza dirishani, akaitazama, kisha akaniambia, "Mama, mfupa umeunga vizuri sana. Nenda kashone." Ilikuwa wiki ya sita tangu bodaboda iliponimwaga kwenye tope la masika, karibu na Ngamiani, mjini Tanga. Nilijikinga kwa kiganja cha kulia, na kifundo cha mkono kikavunjika.

Nilifika nyumbani, nikakaa kwenye cherehani, nikashika uzi ili niutunge kwenye sindano. Uzi ule ule wa pamba, ambao nimeushika kila siku kwa miaka ishirini na mitatu, uliniunguza vidole kama nimeshika mfuniko wa sufuria inayochemka. Nikauachia. Nikaushika tena kwa ncha za kucha. Ukaniunguza tena.

Nilidhani ni ugeni wa mkono uliofungiwa muda mrefu. Wiki iliyofuata ukavimba. Ngozi ya mgongo wa kiganja ikakaza na kung'aa kana kwamba imepakwa mafuta, rangi yake ikawa ya zambarau bivu. Mchana mkono ulikuwa wa moto kuliko mwenzake, usiku ukawa baridi na kutoka jasho peke yake. Upepo wa feni ulinitesa, shuka ilinitesa. Nililala mkono nimeutoa nje ya chandarua, juu ya mto, mbu wakaula, nikaona afadhali mbu.

Shangazi yangu aliutazama akasema, "Mwanangu, mkono huu una jicho la mtu." Akachemsha majani ya mnyonyo, akanikanda kwa maji ya moto kama alivyomkanda marehemu mama yangu. Nilipiga yowe hadi majirani wakaja mlangoni. Shangazi akaacha kitambaa ndani ya beseni, akakaa chini, akalia pamoja nami. Mpaka leo nikikumbuka siku ile ninachokiona kwanza ni uso wake, maana alikuja kuniponya na hakuelewa amekosea wapi.

Nilirudi hospitali. Daktari akaupiga mkono picha tena, ikatoka safi. Akasema, "Haya mengine ni mawazo, mama. Unaogopa kuutumia tu." Nilitoka pale nimeinamisha kichwa. Nilikuwa na mkono uliovimba mbele ya macho ya mtu mwenye digrii, akaona karatasi na hakuona mkono.

Sikujua wakati ule kwamba maumivu ya namna yangu yameandikwa vitabuni kwa zaidi ya miaka 150. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, daktari Silas Weir Mitchell wa Philadelphia aliwatibu askari waliopigwa risasi kwenye mikono na miguu. Vidonda vilifunga, lakini baadhi yao walibaki na maumivu ya kuungua, ngozi ikang'aa, wasiweze kuguswa hata na kitambaa. Yeye na wenzake wakaandika kitabu juu yao mwaka 1864. Siku hizi madaktari wanauita ugonjwa wa namna hii kwa herufi nne, CRPS, na dalili zake zimepangwa katika orodha inayojulikana kama vigezo vya Budapest: maumivu yaliyozidi jeraha lenyewe, joto la ngozi lisilolingana kati ya mikono miwili, kubadilika rangi, uvimbe, jasho, kukakamaa kwa kiungo. Kuvunjika kifundo cha mkono ni mojawapo ya milango yake mikubwa. Nilipoisoma orodha hiyo kwa mara ya kwanza kwenye simu, niliishika kila dalili kwa kidole kama ninayesoma jina langu kwenye matokeo ya mtihani.

Lakini kabla ya kuisoma nilikuwa nimekwisha kujitibu mwenyewe, na hapo ndipo nilipoingia shimo la pili.

Kwenye duka la dawa nilieleza kwamba mkono unachoma. Kijana aliyekuwa kaunta akasema hiyo ni mishipa ya fahamu, na mishipa inataka vitamini B. Akanipa vidonge vyekundu vya B1, B6 na B12 pamoja. Nilimeza kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Mwezi ukapita. Sikuona nafuu, nikafikiri sijamaliza dozi, nikanunua tena, na tena. Vitamini si dawa kali, nilijiambia, ni chakula tu kilichotiwa kwenye kidonge. Nani amewahi kudhurika kwa chakula?

Mwezi wa nne nyayo zikaanza kufa ganzi. Nilikuwa nakanyaga pedeli ya cherehani kwa mguu na siisikii. Usiku nikienda uani naona kama nimevaa soksi nene, kumbe niko peku. Hofu iliyonipata wakati ule siwezi kuieleza vya kutosha. Mkono ulikuwa umeniondoa kazini, sasa na miguu?

Binti wa dada yangu ndiye aliyenipeleka kwa daktari mwingine, kijana, mwenye subira. Alinipa shikamoo, akavuta kiti karibu, akaomba ruhusa kabla ya kunigusa. Aliweka mgongo wa mkono wake juu ya kiganja changu cha kulia, kisha cha kushoto, akarudia. "Mama, mkono huu una joto zaidi," akasema. Kwa miezi minane hakuna mtu aliyewahi kulisema jambo hilo isipokuwa mimi. Machozi yalinitoka hapo hapo.

Kisha akasema nimwage mezani kila ninachomeza. Akageuza boksi la vidonge vyekundu akasoma nyuma: vitamini B6, miligramu 200. Mara tatu kwa siku, miligramu 600. Akaniuliza kama najua mtu mzima anahitaji kiasi gani kwa siku. Sikujua. Ni kama miligramu 1.3. Akanieleza kwamba B6 ikizidi mno kwa muda mrefu huiharibu mishipa ile ile ya fahamu ambayo mtu anatafuta kuiponya, na kwamba jambo hilo liliripotiwa kwa watu saba huko Marekani mwaka 1983, waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 kila siku mpaka wakashindwa kutembea sawasawa. Dozi yangu ilikuwa ndogo kuliko yao, lakini ilitosha. Niliacha siku ile. Ganzi ilichukua karibu mwaka mzima kuondoka, na kwenye vidole viwili vya mguu wa kushoto haijaondoka yote.

Nayasema haya kwa sababu katika mtaa wangu kila mwenye maumivu ya muda mrefu ana boksi la vidonge hivyo kabatini, na kila mmoja ameambiwa haviwezi kumdhuru. Yuko mama mmoja mwenye kisukari, anayetumia metformini miaka mingi, ambaye vidonge vya B12 vilimfaa kweli, kwa kuwa dawa ile ya sukari inaweza kuishusha B12 mwilini na damu yake ilipopimwa ikaonekana imeshuka. Mimi sikuwa nimepimwa chochote. Tulimeza kitu kimoja kwa kuwa tulilalamika kwa neno moja, kuchoma.

Daktari kijana akachukua damu. Sukari ilikuwa sawa, B12 ilikuwa sawa. Vitamini D ilikuwa 13.

Nilipewa karatasi nikaenda nayo nyumbani. Tanga! Mji ulio nyuzi tano tu kusini ya ikweta, jua linatuchoma Januari hadi Desemba, na mimi sina vitamini ya jua. Nilianza kusoma. Nikakuta kwamba watafiti waliwapima Wamasai na Wahadzabe wa hapa hapa Tanzania, wanaoshinda nje kwa mavazi yao ya asili, na mwaka 2012 wakatangaza kwamba wastani wao ni 115. Mimi 13, wao 115! Nilishika kichwa. Baadaye nikagundua vipimo havifanani: wao walipimwa kwa nanomoli katika lita, mimi kwa nanogramu katika mililita, na ili kulinganisha yangu lazima izidishwe kwa 2.5. Nikapata 32 na nusu. Fundi cherehani anayechanganya inchi na sentimita huharibu nguo ya watu, na mimi karibu nijiharibie usingizi kwa kosa hilo hilo. Hata hivyo 32 ni chini. Wataalamu wengi wa mifupa huhesabu kuwa mtu akiwa chini ya 50 kwa kipimo hicho, yaani 20 kwa kipimo changu, amepungukiwa, ingawa juu ya mstari huo wamekuwa wakibishana, wengine wakitaka uwe juu zaidi.

Ilinipata vipi? Nikitoka nje navaa baibui, na sina nia ya kuliacha. Lakini baibui halikuwa peke yake. Kibanda changu cha kushonea kina dirisha la kioo upande wa mashariki, na miaka yote nilidhani nimekaa juani. Kumbe miale inayotengeneza vitamini D kwenye ngozi haipiti kwenye kioo. Ngozi nyeusi nayo inataka muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Na baada ya ajali sikutoka kabisa. Mtu anayeogopa kuguswa na upepo haendi sokoni. Nilikaa chumbani miezi na miezi, pazia limeshushwa, nikiishi kwa chai ya rangi na mkate kwa kuwa sikuweza kukuna nazi wala kupara samaki kwa mkono mmoja. Vibua na dagaa, ambao wana vitamini D, waliuzwa hatua chache kutoka mlangoni. Machungwa ya Muheza yalipita kwenye baiskeli kila asubuhi, muuzaji akiita, mimi nikimsikia nimelala.

Kwa hiyo ile 13 ilikuwa inasema nini? Nimelifikiria swali hili kuliko mengine yote. Nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi, niseme kweli, kwa sababu ilikuwa karatasi ya kwanza kunisadiki. Nilitaka iwe ndiyo sababu. Nilitaka kumpelekea yule daktari wa kwanza nimwambie, tazama, si mawazo, ni vitamini. Lakini namba ile ilipimwa mwezi wa nane tangu ajali. Mkono ulianza kuungua wiki ya sita. Je, upungufu ulitangulia, au maumivu ndiyo yaliyonifungia ndani mpaka damu ikakauka jua? Tena mwili ukijeruhiwa na kuwaka moto ndani, kiwango cha vitamini D kinachosomeka kwenye damu hushuka kwa sababu hiyo tu. Ukimpima mgonjwa mwenye maumivu ukakuta vitamini imeshuka, umekuta vitu viwili vikikaa nyumba moja. Nani alimkaribisha nani, karatasi haisemi.

Ndiyo maana majaribio ya kuwapa watu vitamini D ili kutibu maumivu ya muda mrefu hayakuleta muujiza. Mwaka 2015 wachambuzi wa mtandao wa Cochrane waliyakusanya wakaona kwamba faida kubwa kwa maumivu ya kila aina haielekei kuwapo. Daktari wangu alinipa yuniti 50,000 mara moja kwa wiki, kwa wiki nane, akanionya nisizidishe hata kidonge kimoja maana vitamini D hukaa mwilini na ikipita kiasi hupandisha kalisi kwenye damu na kuumiza figo. Pia alinitaka nikae uani, mikono na miguu wazi, wakati kivuli changu ni kifupi kuliko mimi. Nyumba zetu za Kiswahili hazikuwekewa ua bure. Nilikaa pale kabla ya adhuhuri, nachambua mchele kwa mkono wa kushoto. Baada ya miezi mitatu kipimo kikatoka 13 kikafika 34. Maumivu ya nyonga na mapaja, niliyokuwa nayo miaka na nikidhani ni ya kukaa kwenye stuli, yalipungua sana. Mkono haukubadilika kwa ajili hiyo.

Kuna vitamini nyingine ambayo hadithi yake na majeraha ni ya zamani zaidi, nayo ni C. Nimeisoma habari moja ambayo haijanitoka. Mwaka 1740 nahodha George Anson wa Uingereza aliondoka na meli kuizunguka dunia, na mabaharia wake wakafa kwa mamia, wengi kwa kiseyeye. Kwenye meli yake, Centurion, alikuwamo mzee mmoja aliyejeruhiwa katika vita vya Boyne, huko Ireland, mwaka 1690. Majeraha yake yalipona akiwa kijana. Kiseyeye kilipomwingia, miaka hamsini baadaye, makovu yakafumuka yakawa vidonda vibichi, na mfupa wake uliovunjika zamani ukaachana kana kwamba haukuwahi kuunga.

Mimi ni fundi, nilielewa mara moja. Kovu hushikwa na nyuzi za protini inayoitwa kolajeni, na mwili hauwezi kuzisokota barabara bila vitamini C. Nyuzi hizo huchakaa na kushonwa upya muda wote, hata baada ya miaka hamsini. Uzi ukikosekana dukani, nguo ya zamani ndiyo inayofumuka kwanza.

Daktari mmoja wa Uholanzi, Paul Zollinger, alijiuliza kama vitamini hiyo ingeweza kuzuia ugonjwa ulionipata. Aliwapa watu waliovunjika kifundo cha mkono miligramu 500 kila siku kwa siku 50, wengine akawapa vidonge visivyo na kitu. Mwaka 1999 akatangaza kwamba waliopata vitamini C ni asilimia 7 tu waliougua, na wale wengine asilimia 22. Mwaka 2007 akatangaza jaribio jingine la wagonjwa 416, ikawa asilimia 2.4 dhidi ya 10.1. Nilipozisoma namba hizo nilikasirika. Siku 50! Ningeweza kula mapera siku 50. Lakini mwaka 2014 madaktari wa Edinburgh walitangaza jaribio lao la wagonjwa 336, na hawakuona faida yoyote. Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Huenda kidonge kingenisaidia, huenda kisingebadilisha kitu. Nililo na hakika nalo ni kwamba hakuna aliyeniuliza ninakula nini, na hakuna aliyeniambia kwamba hata ndani ya hogo vidole vinapaswa kuchezeshwa kila saa. Nilivikunja nikavilaza kama mayai, nikidhani nautunza mkono.

Kilichourudisha mkono wangu kilitoka kwenye kapu la vipande vya vitambaa.

Dada wa mazoezi ya viungo, niliyeelekezwa kwake na yule daktari kijana, aliposikia kazi yangu alitabasamu. Akaniagiza nilete mabaki ya nguo nilizokata. Tukayapanga mezani kuanzia laini hadi kali: satini, kitenge kilichofuliwa mara nyingi, kanga mpya yenye wanga wake, jinzi, na mwisho kabisa kipande cha gunia la katani. Kazi ilikuwa kuupitisha mgongo wa mkono juu ya satini, dakika mbili, mara kadhaa kwa siku, macho yakitazama, nikijisemea kwa sauti, "Hii ni satini." Siku ya kwanza nilihesabu hadi tisa nikauondoa. Mishipa ya fahamu, alinieleza, imekuwa kama mlinzi aliyeibiwa mara moja, sasa anapiga kelele hata paka akipita. Hufukuzi mlinzi. Unampitishia paka kidogo kidogo mpaka amzoee.

Akanifundisha na kioo. Niliegemeza kioo kati ya mikono yangu, wa kulia umefichwa nyuma yake, wa kushoto mbele. Nikitazama kioo naona mkono wa kulia mzima, mwembamba, unaofungua na kufunga. Mbinu hiyo ilianza miaka ya 1990 huko California, kwa mtafiti Ramachandran, aliyekuwa akiwatibu watu wenye maumivu kwenye viungo vilivyokwisha kukatwa. Mara ya kwanza nilipochezesha vidole vya kushoto na kuuona wa kulia ukicheza bila kuungua, niliita jina la Mungu kwa nguvu, shangazi akaja mbio kutoka jikoni.

Kutoka satini hadi katani nilitumia wiki kumi na moja. Katika muda huo nilikuwa nakula: mapera mabichi, machungwa, mchicha uliokaangwa kidogo tu, maana vitamini C huyeyukia kwenye maji na kuharibiwa na moto, nasi tuna tabia ya kuchemsha mboga hadi ilegee kisha maji tunamwaga. Sijui kuitenga kazi ya pera na kazi ya gunia ndani ya mkono wangu, na sijaribu. Leo natunga uzi kwenye sindano. Siku za baridi ya Julai mkono unavuta, na kiganja hakikunjiki hadi mwisho. Nashona nguo tatu pale nilipokuwa nashona tano.

Mwezi uliopita binti wa jirani, mpika vitumbua, aliteleza kwenye ngazi akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, mahali pale pale. Jioni nilikwenda na kikapu cha mapera. Alikuwa amekaa mkekani, hogo jipya jeupe limetundikwa shingoni kwa mtandio, uso umemkauka kwa kutolala. Nilivuta kigoda. Nikamwomba aguse ncha ya kila kidole kwa kidole gumba, polepole. Akagusa cha shahada. Akagusa cha kati. Kwenye cha pete akasita, akafika. Kwenye cha mwisho gumba likabaki hewani, linatetemeka.

"Linauma, shangazi."

"Najua," nikamwambia. "Pumzika kwanza."

Nikammenyea pera, akala nusu. Kisha tukaanza tena, kidole cha shahada.